Asali Kwanza, Ndege Baadaye

Kila Jumapili tukitoka kanisani mnanizunguka pale kwenye ngazi, na kila mmoja anataka kipande chake cha safari yangu na kaka yangu Nzioka. Mama Kyalo anataka kujua tulikula nini. Mama Ndunge anataka kujua kama ni kweli tulilala kwa watu tusiowajua. Wengine mnashusha sauti, mnamtupia jicho Nzioka aliyekaa kule kwa wanaume, mnaniuliza kama aliwaona wale ndege. Nimechoka. Kila nikianza kusimulia kuna mtu ananipa pole kabla sijafika nusu. Kwa hiyo nimekaa nikaandika yote, kuanzia hapa Tawa hadi hapa Tawa. Someni, mpokezane, halafu mniache nikaange vitunguu vyangu kwa amani.

Mnamjua Nzioka kwa kazi yake, lakini huenda hamjui jambo moja. Katika kile kibanda cha wachongaji nyuma ya mashine ya kusaga, wengine wote wanachonga twiga na vifaru. Yeye ndege wake ni mwari, yule mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo. Alipokuwa kijana mnunuzi mmoja alimletea picha iliyokatwa kwenye kalenda, akamwambia, "Nichongee huyu." Akamchonga, akapendwa, akaendelea kumchonga mpaka mvi zikamtoka. Picha yenyewe ilikuwa imekatwa chini, kwa hiyo miguu haikuonekana. Miguu aliitafuta mwenyewe. Na katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mwari hata mmoja, maana mwari ni ndege wa maji makubwa, na sisi hapa maji yetu tunayafukua kwenye mchanga.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Daktari wa hospitali ya misheni alimweleza kwamba ni presha ya macho, kwamba mshipa unaopeleka mwanga ndani unakufa polepole, na kilichokwisha kufa hakirudi hata kwa dawa. Giza lingeanzia pembeni na kusogea katikati. Mwaka huo tuliosafiri, Nzioka alikuwa anaona kilicho mbele yake tu, kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi.

Siku moja ya soko, Bwana Athmani, yule muuza samaki wakavu kutoka Kitui, alipita kibandani akamwona mwari wa mti akikauka juani. Akacheka. "Huyu namjua," akasema. "Wako bwawani kule Tana, kisiwani, wanagombania samaki nasi."

Jioni hiyo Nzioka alikuja kwangu, akakaa, akanywa chai. Mimi nimerithi jina la nyanya yetu, kwa hiyo tangu utotoni ananiita Susu, kama tunavyoita nyanya. Lakini akiniita Susu kwa upole namna ile, najua ana haja.

"Susu," akasema, "nipeleke nikawaone kabla macho hayajafunga."

Tawa hadi Athi

Tulipanda lori la mbaazi la Kilonzo, mimi na Nzioka mbele na dereva, na kikapu changu cha muthokoi, mahindi ya kukoboa, magotini. Niliambiwa tungevuka mto Athi kabla ya saa sita mchana. Aliyeniambia hayo hamjui Kilonzo. Tulipofika Mbumbuni akasimama kuongeza magunia, na wenye magunia wakagombania mizani, na Kilonzo badala ya kuwaamua akaagiza chai. Nilishuka nikamwambia maneno ambayo mke wa marehemu mzee wa kanisa hapaswi kusema. Akanisikiliza kwa heshima, akaniagizia chai na mimi.

Tulipofika Athi mto ulikuwa umejaa. Mvua ilinyesha huko juu, huku kwetu mbingu kavu, na maji mekundu yalipita yakibeba matawi na ndoo ya mtu. Magari yalipangana kwenye mteremko, watu wametandika majani chini, wengine wamewasha moto. Hakuna aliyelalamika ila mimi. Mama mmoja muuza uji alimwona Nzioka ameshika kiwiko changu, maana njia ilikuwa ya mawe, akatucheka.

"Hata mkiwa wazee bado mnashikana hivyo? Mimi wangu hata mkono hanipi."

"Huyu ni kaka yangu," nikamwambia.

"Asi! Ati kaka!" Akawaita wenzake waje waone. Mpaka jioni pale mtoni tulikuwa bwana na bibi harusi, na Nzioka akalifurahia jambo hilo kuliko nilivyopenda. Alianza hata kuniita mpenzi mbele ya watu.

Lakini nilimwona pia alivyokaa. Alichagua jiwe, akaweka uso wake kuelekea ng'ambo, na pale palikuwa na korongo mmoja mdogo wa kijivu amesimama kwenye maji ya pembeni. Nzioka alimtazama mpaka uji wake ukapoa. Nikamwambia anywe. Akasema ningoje kidogo, anatazama. Siku hizo alikuwa hivyo kwa kila kitu, hata kikombe, hata kuku wangu. Niliumia, nikajifanya natafuta chumvi.

Asubuhi maji yalishuka. Wanaume walitangulia na fimbo wakipima kina, na Kilonzo akawafuata polepole akiimba wimbo wa kanisa, bila shaka kwa ajili yangu.

Kitui, kwa Bi Zuhura

Bwana Athmani, ambaye ndiye angetupeleka bwawani, hakuwepo. Mkewe, Bi Zuhura, ana mkahawa mdogo karibu na msikiti, na alitupokea kama aliyekuwa akitungoja, akatuambia mumewe ameenda Mwingi na samaki na atarudi Mungu akipenda. Nikauliza Mungu atapenda lini. Akacheka, akatuletea pilau.

Mama Kyalo, andika hii: pilau ya Bi Zuhura ina vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi kabisa, nami nilidhani vimeungua. Nikavitenga pembeni mwa sahani. Bi Zuhura akaja, akatazama sahani yangu, akavichota kwa mkono wake na kuvichanganya tena na wali.

"Hivyo ndivyo pilau, mama. Huo ulobakisha mwengine ni wali tu."

Tulikaa kwake tukingoja, na nilikasirika kila siku, lakini jioni zile sizijutii. Yeye ni mzaliwa wa Malindi. Aliletwa Kitui akiwa bi harusi, na alituambia kilichomliza zaidi si joto wala vumbi. Ni kwamba hakukuwa na ndege hata mmoja anayejua maji. Kwao alikuwa amezoea kuamka na shakwe juu ya paa, na buabua wakipiga mbizi nyuma ya ngalawa za baba yake.

"Sasa Athmani aniambia shakwe wamefika hapo bwawani," akasema. "Nani kawaelekeza, mie sijui. Maji hata miaka kumi hayana, nao washayajua. Naona bahari imenifuata."

"Umeshaenda kuwaona?" Nzioka akamuuliza.

"Mie? Nani atapika?"

Nzioka akamgeukia mpaka akampata vizuri ndani ya mwanzi wake. "Nenda, Bi Zuhura," akasema. "Funga siku moja tu uende." Akaahidi ataenda. Niliona kwamba hataenda.

Kitui hadi bwawani

Bwana Athmani aliporudi alituchukua kwenye pikapu yake yenye harufu ya samaki mpaka kwenye usukani. Tulipita Mwingi, tukala chapati ngumu, gurudumu likatoboka, tukakaa chini ya mgunga huku yeye akiziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli na dua. Baada ya hapo barabara ikawa ya kukisia tu, na milima ya Mumoni upande mmoja.

Njiani akatueleza habari za kisiwa. Hakikuwa kisiwa hapo zamani. Kilikuwa kilima, na watu waliishi juu yake na kulima miteremko yake hadi ukingoni mwa Tana. Maji ya bwawa yalipopanda watu wakahama, wakabaki ng'ambo wakikitazama kilima chao kikiwa kimezungukwa. Aliyekuwa na nyumba juu kabisa ni baba yake Musyimi, naye Musyimi sasa ni mvuvi.

"Huyo atawavusha," akasema Athmani. "Ni mtu mwema kupita kiasi. Hana kasoro nyingine."

Tukacheka wote watatu. Alituambia angerudi kuchukua samaki, na kwamba tutakuwa na siku moja kamili pale, asubuhi hadi jioni. Mimi nikaona siku moja inatosha kuona ndege hata wa nchi nzima.

Kwa Musyimi

Tulifika jua likielekea kushuka. Athmani alitushusha mbali kidogo, akaharakisha kwenda kwa wavuvi wake wengine. Musyimi alitoka nje ya boma, mtu wa makamo, mrefu, mikono imekauka kwa nyavu. Hakutabasamu. Baadaye ndipo tulipojua kwamba kwa viatu vyetu na kikapu changu alidhani sisi ni watu wa fidia, wale wanaokuja kuandika na kuondoka.

Nzioka akamsalimu kwa Kikamba, akataja jina la baba yetu na la babu, na ukoo. Uso wa Musyimi ukabadilika papo hapo.

"Ukoo gani umesema?"

Nzioka akarudia.

"Asi! Mwanaasa!" Akamshika mikono yote miwili. Mwana wa baba yangu, ndiyo maana yake, na alimwita hivyo tangu dakika hiyo. "Mtu wa ukoo wangu amekuja mpaka huku, na mimi nimesimama tu hapa namwangalia kama nguzo! Mwaitu, ingia, ingia." Mwaitu ni mama, na huyo ni mimi.

Kutoka pale uani kisiwa kinaonekana vizuri, na nilipokitazama roho iliruka. Miti ya upande wa pili wa kilima ilikuwa nyeupe juu, na weupe wenyewe ulikuwa unasogea. Nikamnong'oneza Nzioka. Akageuza kichwa kidogo kidogo akitafuta.

"Naona kilima," akasema. "Nyeupe sioni. Ni mbali. Lakini kesho."

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo mambo yote yalipofungwa. Mnajua wenyewe tulivyolelewa. Mgeni haulizwi amekuja kwa neno gani kabla hajala, na mgeni mwenye adabu halitangulizi neno lake mbele ya chakula. Nyumbani kwa Musyimi ukame ulikuwa umemaliza mbuzi, na mkewe alikuwa ameenda kwao kuuguza mama yake. Alitupikia muthokoi bila maharagwe, akaiweka mbele yetu kwa aibu.

"Hii si chakula," akasema. "Hii ni ya kutuliza tumbo tu. Chakula yenu iko kule juu ya kilima. Mizinga ya baba yangu bado iko, na asali yake imeiva. Kesho mapema, kabla nyuki hazijapata joto, nawavusha. Mtakula asali ya baba. Hapo ndio mtasema mmekula kwa Musyimi."

Nikafungua mdomo. "Baba, sisi tumekuja kwa sababu…"

Akainua mkono. "Mwaitu, neno ya safari itangoja. Hamjala kwangu."

Nzioka akanigusa goti. Tulipobaki wawili aliniambia, "Susu, yeye mwenyewe anatupeleka kisiwani. Tutakula, tutasema, tutaenda kuwaona ndege. Ya nini kumvunjia heshima kwa saa chache?" Nami nikakubali. Kwa kweli si kukubali tu, nilifurahi. Niliona Mungu ameipanga safari yetu vizuri kuliko Kilonzo. Ningeweza kusema neno moja tu, ndege, na kumaliza. Nimelitamka mara nyingi tangu nirudi, peke yangu, jikoni.

Kisiwani

Tulivuka alfajiri kukipambazuka, maji yametulia na ukungu umekaa juu yake. Kiboko alitoa masikio, akapuliza, akazama, na Musyimi akamsemesha kama jirani. Shakwe wawili walitupita chini chini. Nikamgeuza Nzioka upesi, akamwona mmoja, nusu nusu. "Mweupe, kichwa cha kijivu," akasema kwa furaha. "Ndege wa Bi Zuhura."

Tulipopanda ufukwe ikabidi kutembea, njia nyembamba kati ya miiba na mawe, Nzioka ameshika mshipi wangu. Kenge mkubwa alitoroka mbele yetu akiburuta mkia. Mnandi weusi walikuwa juu ya kisiki majini wameanika mabawa, na hao aliwaona vizuri, kwa sababu hawasogei. Alisimama mbele yao kwa muda mrefu. Musyimi alidhani amechoka.

Kisha tukawasikia. Ng'ambo ya mgongo wa kilima kulikuwa na mngurumo mzito wa chini, kama wazee wengi wanaosafisha koo kabla ya mkutano, na katikati yake midomo ikigongana. Nzioka alinibana mshipi. Uso wake sijawahi kuuona hivyo tangu siku alipozaliwa mtoto wake wa kwanza.

"Ndio wao?" akaninong'oneza.

"Ndio wao. Hatua chache tu."

"Kaeni hapa," akasema Musyimi. "Asali kwanza."

Mizinga ilikuwa kwenye mgunga mkubwa upande huu wa mgongo. Musyimi alisema nyuki za baba yake ni kali na hazimjui mgeni. Mimi akanipa leso nijifunike kichwa. Nzioka, kwa kuwa Musyimi alishaona kwamba macho yake hayaoni pembeni na hangeweza kukwepa nyuki, alimkalisha chini ya kichaka, akamfunika shuka nzito mwili mzima na kichwa, akaifunga mbele ya kifua kwa fundo la wavuvi. Alifanya kwa uangalifu sana, kama mama anayemfunga mtoto mgongoni. "Usifungue mpaka niseme, mwanaasa." Nzioka akaitikia kutoka ndani.

Musyimi akawasha mwenge wa magome na nyasi mbichi, akapanda. Moshi ukatoka mwingi, mzito, wa kijivu. Nilikuwa nautazama. Niliona upepo wa ziwa unavyouchukua na kuulaza juu ya mgongo wa kilima, upande wa pili, na hata hapo sikuelewa. Mtoto yeyote angeelewa.

Ule mngurumo ukakatika. Halafu wakainuka.

Nimejaribu kuwaeleza wengi wenu pale kanisani, na najua sijaweza. Walitokea nyuma ya kilima wote kwa pamoja, weupe, wakubwa kupita nilivyofikiri ndege anaweza kuwa, na walipita juu yetu chini kiasi cha kunipepea. Leso yangu ilipaa. Mabawa yana weusi kwa chini, ukingoni, na mfuko wa mdomo ni wa manjano na unatetemeka. Nilisikia shuka ya Nzioka ikipigwapigwa na upepo wao.

"Susu!" alipiga kelele humo ndani. "Susu, nini?"

Nikamrukia. Nikalishika lile fundo. Mnajua mimi na mafundo, nimefungua magunia maisha yangu yote, lakini lile lilikuwa la mtu anayefunga nyavu zisifunguke majini. Nilivuta kwa kucha, nilivuta kwa meno. Nilipoifungua shuka na kutoa kichwa chake nje, nywele zimesimama, walikuwa wameshafika mbali juu ya maji. Nikamshika mashavu kwa mikono miwili, nikauelekeza uso wake. Jua lilikuwa ndiyo linachomoza upande uleule.

"Wako wapi?"

"Pale. Moja kwa moja. Pale, pale!"

Akatazama. Machozi yakamtoka kwa ule mwanga.

"Naona mwanga," akasema.

Nyuki mmoja alimuuma shingoni na hakujishughulisha naye.

Musyimi akaja amebeba masega kwenye majani, anacheka, mikono inadondoka asali. Akayaweka mbele yetu, akachagua kipande cheupe kuliko vyote na kumpa Nzioka mkononi. Tukala. Nawaambia ukweli, akina mama, ilikuwa asali nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuonja, na nilikuwa naimeza kama dawa ya minyoo. Alipoona tumeshiba, akajipangusa mikono kwa nyasi, akakaa sawasawa, na kwa sauti ya adabu kamili akauliza.

"Haya. Sasa mmekula kwangu. Niambieni, mmekuja kwa neno gani?"

Nilikuwa tayari kumwambia. Nilikuwa na maneno mengi. Nzioka akaniwahi.

"Tumekuja kukusalimu, mwanaasa," akasema. "Na kuona kilima cha baba yako."

Musyimi akafunika uso kwa mikono ile yenye asali, akalia. Alisema tangu maji yalipopanda hakuna mtu wa ukoo aliyekuja kuuliza kilima kiko wapi. Wanakuja wa kununua samaki na wa kuandika, wanakwenda. Nzioka akamwekea mkono begani. Nami nikaumeza ulimi wangu, na wote mnaonijua mnajua uzito wake.

Alitutembeza kisiwa kizima kwa fahari. Akatuonyesha mawe ya msingi wa nyumba, jiwe la kusagia la mama yake, mahali ng'ombe walipolala. Tulipofika upande wa pili, miti ilikuwa mitupu, imepakwa kinyesi cheupe kama chokaa, na chini manyoya na miiba ya samaki. Mimi nikauliza, kama mtu anayeuliza tu, kama hawa ndege watarudi leo.

"Hizi?" akasema Musyimi. "Hapana. Hizi hazipendi moshi kabisa. Nikivuna asali zinahama, zinakaa huko maji ya juu mpaka zisahau. Afadhali, zinanimalizia samaki."

Nzioka aliomba kushuka ukingoni, penye matope. Alipiga magoti. Niliona alichokipata: nyayo zao, nyingi, bado maji yanajikusanya ndani yake. Aliinama karibu sana kuzitazama kwa ule mwanzi wake, halafu akafumba macho na kuzipapasa kwa vidole, moja, nyingine, akirudia kwenye kisigino. Musyimi akavua kofia, akainamisha kichwa, akaninong'oneza kwamba hajawahi kuona mtu akiiombea ardhi ya baba yake hivyo. Sikumsahihisha.

Kurudi

Kwenye pikapu ya Athmani Nzioka alijipapasa vidole vya mkono hadi karibu na Mwingi. Kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho kizuri.

"Miguu ya kuku, Susu."

"Nini?"

"Picha haikuwa na miguu. Nikatazama kuku wa mama. Kumbe vidole vyao vyote vinne vimeshikana kwa ngozi, hata cha nyuma. Miaka yote hii nimewapa mwari miguu ya kuku, na kibanda kizima kimeniiga."

Kitui Bi Zuhura alitoka na mwiko mkononi kutuuliza kama tuliwaona. "Niliwasikia," akasema Nzioka, akampa unyoya mmoja mrefu, na akamsimulia shakwe mwenye kichwa cha kijivu. Bi Zuhura akaurudisha mwiko ndani, na safari hii hakunilazimisha kula vitunguu. Maji ya Athi yalikuwa yamepungua, tukavuka bila kusimama, na kwa mara ya kwanza nilitamani Kilonzo achelewe.

Huko kibandani amebadilisha miguu. Anachonga kwa kupapasa sasa, na mwanawe anamalizia kwa msasa. Mnunuzi aliporudi alilalamika kwamba miguu mipya si sahihi, akataka ile ya zamani. Nzioka alikataa, kwa hiyo mwari wake wapya wamejaa nyumbani kwangu, hata juu ya kabati la vyombo.

Musyimi hutuma asali kila anapovuna, kwa mkono wa Athmani, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na salamu kwa mwanaasa aliyekiombea kilima. Mliokula mkate na asali kwangu mwezi uliopita, mlikula hiyo. Tafadhali, akifika mtu wa huko, msimwambie kitu.

Nanyi mnaouliza kama aliwaona, jibu ni hapana. Mwanzi wake ulifunga kabla ya mavuno yaliyofuata. Siku hizi huja jioni, anakaa mlangoni, na kuniomba nimsimulie walivyoinuka. Namsimulia mabawa, weusi wa ukingoni, mfuko wa manjano unaotetemeka. Ananisikiliza kwa mikono yake, anaitembeza hewani. Kisha anauliza yanayofuata: waligeukaje juu ya maji, walijipanga vipi, aliyetangulia alikuwa mkubwa au mdogo. Juzi aliniuliza tena, na ilibidi nimwambie kwamba hapo sijui. Nilikuwa nimeinama, kaka, nahangaika na fundo lako.